Shati la Mikono Mirefu

Jua la Kakuma lilikuwa kali, lakini Lony alivaa shati la mikono mirefu, akakaa mbali na sinia la chakula walilokula wengine pamoja. Tangu ijulikane kwamba anajidunga dawa za kulevya, mama mwenyewe alikuwa amemtengea sahani yake peke yake, kwa hofu ya maambukizi.

Leo, alipomaliza kuwanawisha wageni, mama alimfuata na birika. Akamkunjia mkono wa shati taratibu, mpaka alama za sindano zikaonekana. Wageni wakageuka kutazama.

Akamnawisha hadi kwenye kiwiko, bila haraka.

"Kesho tunaenda kliniki upimwe," akasema. "Nitakaa na wewe kwenye benchi, watu watuone. Sasa njoo tule."

Lony akamega tonge kwenye sinia. Mama akamega palepale mkono wa mwanawe ulipotoka.