Okei ya Kinyozi

Kwa mzee kinyozi, hakuna mteja aliyethubutu kuinuka kitini kabla hajaambiwa "okei." Neno la Kizungu, lakini mzee alikwisha kulifanya lake: okei ya kupokea simu, okei ya kuwanyamazisha wajukuu, na ile okei kubwa, ya kukung'uta kitambaa na kumwachia mtu aende zake.

Leo aliyenyolewa ni yeye, kitandani kwake, ameegemezwa mito. Daktari amesema warudi naye nyumbani, dawa hakuna tena. Binti yake, aliyerithi kiti na wembe, amemnyoa taratibu mpaka kidevu kikang'aa.

Kazi imekwisha. Mzee amefumba macho, anangoja.

Binti akampuliza shingoni. Akampangusa nyuma ya sikio, palipokuwa safi tangu mwanzo. Kitambaa hakukikung'uta.

"Mwanangu," mzee akanong'ona, "sema basi, niende zangu."

Binti akachovya tena brashi kwenye povu, akampaka kidevu kilekile kisicho na hata unywele mmoja.

"Tulia, baba. Hapa bado zimebaki."