Gari la Mbio Kwenye Tuta

Tumbo la gari lilikwaruza tuta, likakwama. Kijana aliyelinunua kwa sababu ya mbio zake alitoa macho tu, huku gari lenye jeneza la baba yake likijikongoja mbele kwenye foleni.

"Mama," alisema, "shuka kidogo, liwe jepesi livuke."

Mama alihangaika kujinyanyua kutoka kwenye kile kiti kilichokaribia kugusa lami. Alishika mlango, akashika paa, mtandio wake mweusi ukanasa kwenye mkanda. Nyuma yao dereva wa lori akachungulia.

"Bosi, libebe mgongoni basi! Mama wa watu unamtesa!"

Watu wakacheka, kisha wakaona nguo za msiba, wakanyamaza. Ukimya ule ulimchoma kijana kuliko kicheko.

Gari likavuka, likanguruma, likasimama palepale nyuma ya basi lililokwama kwenye foleni. Akamfungulia mama mlango bila kumtazama usoni.

Mama alikiangalia kile kiti, kisha akaangalia mbele. Jeneza lilikuwa limeshakata kona.

"Baki na gari lako, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi nawahi kumzika mume wangu."

Akavua viatu, akatembea kando ya barabara, akiyapita magari moja baada ya jingine.