Mikono Iliyopungua Inchi Moja

Magari nayajua kuliko fundi yeyote wa hapa Adelphi, Maryland. Kuendesha tu ndiyo sijui, na kila nikishuka mlango hubana kanga yangu. Basi niaminini kwa hili la Domina.

Jumamosi moja ya mwaka 2006, Domina aliteremka kwenye maegesho ya ghorofa lao amebeba vitu viwili: mikono ya nyuma ya Mustang, imeviringishwa ndani ya kanga kuukuu, na mchi wa kinu. Mikono ilikuwa ya kuuza. Mchi ulikuwa wa mwizi.

Mikono yenyewe ni vyuma viwili vinavyoishikilia ekseli ya nyuma, isirukeruke mtu akikanyaga mafuta. Hii haikuwa ya dukani. Mwanawe, Lusekelo, alipokuwa akiitengeneza Mustang yake ya njano iwe na mbio, alichomelea upya vishikio vya ekseli akakosea kipimo. Mikono yote ya dukani ikawa mirefu kwa inchi moja. Ikabidi achongeshe mifupi. Bushi za ile ya kwanza, yaani raba za kwenye ncha zake, zilipoanza kuchoka, akaagiza mingine. Ilipoletwa, gari halikuwepo tena. Lusekelo alikuwa amerudi kutoka Atlantic City, siku tatu za kazi, alivyosema mwenyewe, amerudi kwa basi, analia mpaka kamasi: gari limeibiwa.

Domina aliumia kuliko yeye. Miaka mitatu alikuwa amekaanga sambusa za harusi za Watanzania wote wa Maryland ili mwanawe alipate gari lile. Akaapa hatakunja sambusa nyingine mpaka amwone mwizi uso kwa uso. Tangu hapo harusi zikawa zinakula karanga.

"Mama, tumwachie Mungu," Lusekelo alikuwa akimbembeleza.

"Mungu ana kazi nyingi. Hii ndogo nitamsaidia."

Akapiga hesabu yake kimyakimya. Aliye na gari lile, awe nani, ipo siku bushi zitamwishia. Atanunua mikono ya dukani, nayo haitaingia. Akabandika tangazo kwenye duka la Waafrika: mikono ya nyuma ya Mustang, imepungua inchi moja. Kila akibandika, wiki haiishi, karatasi imebanduliwa. Naye anabandika tena. Miaka miwili.

Jumamosi hiyo Mustang ikaingia maegeshoni. Nyeusi.

Lusekelo alikuwa amemaliza breki za Corolla ya jirani na ananawa. Alipoiona, akakumbuka jambo, akajitosa tena chini ya Corolla na povu la sabuni mikononi.

Akashuka Mkenya mmoja mnene, mcheshi, jina lake Tobias.

"Habari yako, Mum? Ni mimi nilipiga simu. Nikitoka kwa taa, hii gari inaruka matako kama mbuzi. Bushi zimeisha. Nimebuy arms pair mbili, zote zimekataa kuingia."

"Pole, baba." Macho ya Domina yalikuwa mlangoni mwa gari, penye mkwaruzo. Chini ya weusi palichungulia njano. Akaushika mchi vizuri.

"Kaka!" Sauti ilitoka chini ya Corolla, nzito kama ya mtu mwenye mafua. "Bushi za mikono hiyo ni ngumu mno. Zitakupigia kelele mpaka ujute. Nenda Fairfax, tafuta mikono yenye uzi wa skrubu, unairefusha na kuifupisha mwenyewe."

Tobias akajikuna kidevu. "Huyo fundi anasema poa."

"Ya uzi, kwa gari la barabarani?" Domina akacheka kwa pua. "Chumvi wanayomwaga kwenye theluji itaula huo uzi, mwakani hata nyundo haitaufungua. Ngumu inapiga kelele, ndiyo, lakini mkia utatulia. Jaribu kwanza, baba. Kujaribu ni bure."

"Raba laini, kaka! Nunua raba laini!" ikalia Corolla.

"Wewe funga breki!"

Tobias akapiga jeki, akafungua mkono mmoja wa zamani, akaingia chini ya gari na mpya. Domina akasubiri, amebana pumzi. Bolti ikapita upande hadi upande bila kuguswa na nyundo.

"Wah! Mum, imeingia kama mguu kwa soksi! Ulipima gari yangu lini?"

Domina akaja akasimama juu yake, mchi begani.

"Sasa niambie gari hili ulilitoa wapi. Na usiniambie dukani, nitakutwanga hapo hapo ulipolala."

Tobias akajivuta nje, akauona mchi, akainua mikono yote miwili.

"Mum, pole pole! Nilibuy, haki ya Mungu! Karatasi ziko ndani, na sahihi yake."

"Sahihi ya nani?"

"Mtanzania fulani, huko Atlantic City. Nilimpata ameketi nje ya kasino, analia kama mtoto. Hata bei sikubishana naye. Ungebishana vipi na mtu ambaye kesho anapanda ndege kwenda Mbeya kumzika mamake? Nilimpeleka hadi kwa basi." Sauti ya Tobias ikalegea. "Hadi leo, Mum, kila Novemba naandikisha huyo mama kwa misa ya marehemu. Jina lake siwezi sahau. Domina."

Mchi ukashuka begani taratibu. Domina akampita Tobias, akaenda mpaka kwenye Corolla, ambako viatu viwili vilikuwa vimetulia tuli. Akaugonga mlango mara tatu, kama mtu anayebisha hodi.

"Lusekelo, toka," alisema. "Njoo umtambulishe mgeni kwa marehemu."