Gari Lilipotulia

Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Baba, sasa tutasikizana," naye hakujibu.

Tulikuwa tumetoka Shimanzi, mwaka wa 1964, tukilijaribu gari la Mzungu mmoja aliyetafuta dereva wa kumfikisha Uganda, lenye kitanda na jiko nyuma. Injini yake ilikaa mbele, katikati ya viti viwili. Siku ya kwanza tu ilimbabua marehemu baba mguu wa kushoto, akasema hafiki Uganda hivyo. Basi tukaweka bati chini ya kifuniko, blanketi la sufu juu yake, na nyufa tukaziziba kwa mpira wa tyubu.

Sasa injini ilivuma kama cherehani iliyo chumba cha pili.

"Baba," nikarudia. "Wanisikia?"

Macho yake yalikuwa barabarani. Kisha akapaza sauti, kama alivyozoea hata nyumbani Kibokoni: "Mbona wanyamaza, Sheikha? Au utulivu wakutisha?"

Miaka yote aliyoendesha malori, tuliamini kuwa ni kelele za injini tu zilizomfanya asitusikie.

Kesho yake Mzungu angeketi kwenye kiti hiki changu, amjaribu huku akimsemesha, kisha aamue kama atampa kazi.

Niliinama kama ninayeokota kitu, nikauchomoa mpira. Ngurumo ikajaa.

Baba hakugeuka, mpaka mguu ulipoungua. "Joto larudi!"

"Mpira umetoka, Baba!" nikapiga ukelele, na mara hii akanisikia. "Tuuache hivyo hivyo."