Bleu Hasemi Bila Ruhusa

Nasibu alikuwa akitambaa kwa tumbo kuiendea elimu ya tiba. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, meno yameuma kijiko, na nyuma yake walitambaa bleu wenzake wanane, kila mmoja na kijiko chake, wakiuzunguka uwanja wa kitivo katika umande wa mji wa Kamina.

"Tumbo chini, bleu," alisema Urbain, poil wao. "Weye unapita kama bibi ya askofu."

Bleu ni mwanafunzi mgeni. Poil ni yule aliyemtangulia. Bleu hunyolewa, huamrishwa, wala hafungui kinywa mbele ya poil bila ruhusa, mpaka siku atakapobatizwa kwa maji ya ndoo na kuhesabiwa mtu. Ndivyo ilivyokuwa katika vyuo vikuu vyote nchini Kongo. Nasibu, mwana wa wafanyabiashara Waislamu waliotokea Maniema, alizisikia habari hizo tangu utotoni kwa kila aliyewahi kusoma. Neno "ubatizo" lilimkera kidogo kijana wa madrasa, lakini maji ni maji, na subira ilimpasa.

Ilimpasa zaidi kwa sababu ya vita. Mizinga ilikuwa ikinguruma upande wa Kabalo, na kijana yeyote aliyeonekana mjini hana shughuli alipakiwa lorini akapelekwa huko. Aliyevaa koti jeupe la daktari hakuguswa. Mkuu wa kitivo aliwakaribisha katika ghala la zamani la pamba, ambalo chokaa yake mbichi ilikuwa bado ikiwachafua migongo, akawaita mawe ya msingi, akawaachia kasha la makoti. Kisha akaondoka kwenda Lubumbashi kutafuta walimu na mifupa ya kufundishia. Asubuhi iliyofuata makoti manne yalikuwa mabegani mwa poil wanne. Yaliyosalia, Urbain aliyafungia.

"Koti inavaliwa na muntu," alieleza. "Bleu haiko muntu. Ngojeni ubatizo, Ijumaa."

Basi wakangoja, wakisoma. Asubuhi walikimbia hadi kwenye reli na kurudi wakiimba. Adhuhuri walijifunza kukunja blanketi lisiwe na kunyanzi hata moja. Filimbi ikilia walisimama. Ikilia tena walilala. Siku moja Jérémy, mwana wa karani wa Kimethodisti, aliomba ruhusa, akauliza mkono una mifupa mingapi.

"Inatosha," akajibu Urbain.

Lakini jeraha la paja alijua kulifunga kwa mkanda upesi ajabu, macho yake yakitazama kwingine kabisa, na bleu wote waliliandika somo hilo kwa heshima.

Jumatano Amida, mama yake Nasibu, alileta sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamkuta mwanawe amesimama juani kama mlingoti.

"Mutoto wangu, docta anasomaka na miguu?"

Nasibu alimtazama Urbain. Urbain akainamisha kichwa kumruhusu.

"Njo masomo ya mwanzo, mama."

"Na weye unaiweza?"

"Minyi njo wa kwanza kusimama."

Ilikuwa kweli. Aliyelelewa kurushwa kitandani na adhana ya alfajiri hakushindwa na filimbi, na Urbain mwenyewe alikuwa amemsifu mbele ya wote. Amida alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwachia Urbain samaki aliye mkubwa.

Alhamisi lori la kijeshi likasimama mlangoni. Poil walikuwa vitini mbele ya darasa, Urbain akiwa na kitabu wazi. Bleu walikuwa sakafuni. Akaingia kamanda mfupi, kijiti cha meno mdomoni, askari wakimfuata.

"Minatafuta baaskari bane benye balikimbia," alisema. "Baliniambia banajificha mu banafunzi. Njo banani?"

Bleu walitazamana: watoro wanne, katika darasa la tiba?

"Karatasi zenu?"

"Ziko kwa Mkuu, Lubumbashi," alisema Urbain.

Kamanda akacheka polepole. "Haina neno. Kinywa inadanganyaka. Miguu ya askari haidanganyake."

Nasibu aliviona vidole vya Urbain vikiushika ukingo wa meza hata kucha zikawa nyeupe, akamhurumia: poil mzima, kumbe naye ni mwoga. Kesho ilikuwa Ijumaa. Akamwomba Mola kimoyomoyo aivushe siku hii moja tu, avae koti, mama yake apate usingizi.

Kamanda alitema kijiti, akavuta pumzi, akanguruma amri ya askari kusimama wima:

"Garde-à-vous!"

Makoti manne meupe hayakutikisika. Kutoka sakafuni bleu tisa waliruka kama mtu mmoja, visigino pamoja, videvu juu, vichwa viking'aa, na wa kwanza wao alikuwa Nasibu.

Kamanda aliwapitia mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga.

"Mungu iko mukubwa," akasema. "Nilipoteza bane, nimepata kenda. Docta, aksanti kwa kunichungia bo."

"Haina neno, mon commandant," alisema Urbain, akafunua ukurasa.

Nje lori lilikwisha kuwashwa. Nasibu, kifua mbele, alimkazia macho Urbain, akingoja ruhusa ya kusema.