Kubomoa Dungu

Shekhan alianza juu ya dungu la kulindia shamba. Aliezua makuti, akang'oa mbao za sakafu moja moja na kumteremshia shemeji yake aliyekuwa chini. Kisha wakazilaza nguzo nne kwa kamba, moja baada ya nyingine.

"Taratibu, Bwana Shekhan," alisema shemeji. "Dungu hili limeshatuulia mmoja."

Huyo mmoja alikuwa mke wa Shekhan. Wiki tatu nyuma alipanda kufukuza nyani wasiingie mahindini, akaanguka kutoka ngazini, akavunjika shingo. Kijiji kizima cha Mbwajumali kilikuja kuzika.

Ilibaki ngazi tu. Shemeji aliinama kuinyanyua, mkono wake ukasita kwenye kipandio cha tatu. Kilikuwa kimeoza na kukatika, na bado kilining'inia kwa kitambaa cha leso ya manjano, kilichofungwa mafundo madogo manne. Alama za meno zilionekana pale aliyekifunga alipovuta kukaza.

"Leso hii ni ya dada yangu," alisema shemeji. "Kumbe alijua ni kibovu?"

Shekhan angeweza kusema hajui. Hapakuwa na shahidi.

"Alijua," alijibu. "Alinambia. Akanitumia na picha kwa simu. Nikamjibu, kesho inshallah. Siku tatu nilimjibu hivyo hivyo."

Shemeji alipiga magoti, akayafungua yale mafundo kwa kucha, polepole, asikichane kitambaa. Alipomaliza alikikunja, akakitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.