Marashi ya Mshindi

Mbio tano za punda mfululizo Athmani alimaliza wa mwisho, hata mtaa ukambandika jina la Mkia. Leo punda wake alifika wa kwanza, mbele ya punda wa Bwanaheri, bingwa wa siku zote. Mama yake akaja na mrashi uliojaa marashi, amnyunyizie mshindi kama ilivyo desturi.

"Alhamdulillahi! Haya, Mkia leo ni nani?" akauliza kwa sauti, watu wakacheka.

Athmani akarudi nyuma. "Usininyunyizie, mama," akamnong'oneza. "Punda wa Bwanaheri nilimlambisha chumvi alfajiri. Akanywa ndoo nzima ya maji, ndiyo maana kashindwa kukimbia."

Mama akashusha mrashi. "Mimi umeshaniambia. Waambie na hao."

Athmani akageuka. Bwanaheri alikuwa mbele ya watu wote, anampigia makofi.